Forester inagonga nyuma hata baada ya shokapu mpya: usinunue springi kwanza

Pole mkuu. Umesema Forester yako ya 2005 inagonga nyuma kushoto ukipita rasta na vishimo, umeweka shokapu mpya pande zote mbili, mlio uko palepale, na sasa fundi anataka ununue springi. Hiyo hela iache mfukoni kwanza. Mimi nina Forester ya toleo hilohilo (SG5), ya mwaka huohuo, nakaa Goba, Dar es Salaam, na njia hiyo nimeipita yote: nilianza na linki za stebilaiza (vyuma vifupi vinavyounganisha upande wa gurudumu na stebilaiza, ile nondo inayozuia gari kulala kwenye kona), zikafuata shokapu, zikafuata mipira ya stebilaiza. Kila kifaa kipya kilinipa wiki moja ya kujidanganya kwamba imeacha.

Anza na buti, sitanii. Toa tairi la spea, jeki, spana, dumu la maji, toa kila kitu, halafu rudi kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule. Jeki ikilegea kwenye kishikio chake inagonga bodi kwa sauti ambayo utaapa ni shokapu. Siti ya nyuma ambayo haijajifunga sawasawa nayo hivyohivyo. Nimeshaona mtu kashusha shokapu mbili chini kumbe ni spana ya magurudumu inacheza.

Ukiwa barabarani, pita kwenye rasta huku mguu umegusa breki kidogo tu, kiasi cha kushika bila kusimamisha. Kama nyuma una diski na mlio ukapotea, usihangaike na shokapu, ni pedi au kalipa inacheza. Kisha sikiliza inagonga wakati gani. Mlio mwepesi wa haraka haraka, ko-ko-ko, kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa taratibu, mara nyingi ni linki za stebilaiza. Hizo unaweza kuzihukumu bila kununua kitu: fungua za pande zote mbili (ukifungua moja utajidanganya), funga vyuma visining'inie, zunguka mtaa polepole maana gari italala zaidi kwenye kona. Kama bado inagonga, linki hazina kosa, zirudishe. Kama inapiga "du!" moja ukitoa gia D kwenda R, au ukikanyaga na kuachia mafuta, angalia mipira inayoshika difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na ya zile rodi zinazotoka kwenye gurudumu kwenda mbele. Hiyo ya difu watu wengi wenye Subaru wanaisahau kwa sababu wamezoea gari zisizo na difu nyuma.

Kwa kuwa wewe umebadilisha shokapu juzi tu, kuna swali la kumuuliza fundi: kikombe cha juu, kile kinachoshika shokapu kwenye bodi, aliweka kipya au alihamisha cha zamani? Wengi huhamisha. Halafu ile nati ya katikati, wengine hukaza huku nondo ya shokapu inazunguka nayo, wakiona imegoma kidogo wanasema imeshika. Haijashika. Toa plastiki za pembeni ndani ya buti, utaona nati tatu na kikombe chenyewe. Weka kiganja juu, mwenzako asukumesukume gari kutoka nje. Ikigonga hapo mkono utakuambia kabla ya sikio.

Sasa kilichonimaliza mimi. Gereji tatu tofauti gari ilinyanyuliwa na jeki, fundi akashika tairi, akatikisa juu na chini, kushoto na kulia, akasema nyuma haichezi kitu. Na kweli ilikuwa haichezi! Gurudumu likining'inia, springi inasukuma kila kitu chini na bushi zote (mipira iliyo kwenye viungo) zinavutika upande mmoja, ule uwazi unajificha. Gari ikirudi chini, uzito ukiingia, bushi inarudi katikati na ndipo inapogonga. Kwa hiyo nyuma ya gari hii ikaguliwe ikiwa imesimama kwa tairi zake. Tafuta gereji yenye shimo. Kama huna, panda na tairi za nyuma juu ya mbao nene, weka vizuizi mbele na nyuma. Usithubutu kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Mimi niliingia shimoni mwenyewe, kijana wa gereji akakaa ukingoni mwa buti akawa anaruka kidogokidogo. Nikawa nagusa kiungo kimoja baada ya kingine kwa vidole. Stebilaiza, kimya. Chini ya shokapu, kimya. Kila upande kuna rodi mbili za pembeni zinazokutana kwenye habu (sehemu inayoshika gurudumu), na boliti moja ndefu inapita katikati ya zote. Nilipoweka kidole pale nje kushoto, nikapigwa. Si kusikia, ni kupigwa kabisa, kama mtu anagonga ukutani upande wa pili. Nikamulika kwa tochi ya simu: mpira wa bushi umechanika umbo la mwezi mwandamo, na kwenye ufa unatoka unga mwekundu wa kutu. Kijana akiruka, ufa unafunguka na kufumba.

Boliti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Gari zetu zinatoka Japani, na zilizotembea sehemu za theluji zimekula chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ndiyo maana nyingine chini zinafika zimeshakuwa za kahawia. Bomba la chuma lililo ndani ya bushi linagandana na boliti hadi vinakuwa kitu kimoja. Tulimwaga dawa ya kutu tangu jana yake, tukapiga nyundo, tukapasha moto (moshi wa mpira ukatutoa sote shimoni), haikutoka. Mwisho ikakatwa na grenda pande mbili. Kwa hiyo nunua boliti mpya pamoja na nati yake kabla hujaanza, vinginevyo gari italala gereji huku wewe unazunguka Kariakoo. Mpya ipake grisi vizuri kabla ya kuingiza.

Mambo mawili fundi asiyaguse ovyo. Boliti ya ndani ya rodi ya nyuma, kati ya zile mbili za pembeni, ina kichwa cha kurekebishia mwelekeo wa tairi, hakikai katikati. Ichoreni alama kwa rangi kabla ya kulegeza, na bado upite kwenye alaimenti baadaye. La pili, boliti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa kwa tairi zake. Mara ya kwanza zangu zilikazwa gurudumu likining'inia. Ile mipira imeshikana na bomba lake la ndani, ukikaza hivyo, gari ikishuka inabaki imejisokota muda wote. Bushi mpya kabisa zilipasuka kabla ya mwaka kuisha, nikalipa ufundi mara mbili.

Kuhusu hiyo springi ya fundi wako: ikikatika, kwa kawaida unaona kwa macho kwenye duara la juu au la chini, na upande huo unalala. Chukua futi, simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana na huoni palipokatika, springi ziache. Isipokuwa kitu kimoja: baadhi ya Forester hizi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe, na springi zake ni laini kuliko za kawaida. Kama ulitoa hizo ukaweka za kawaida juu ya springi zilezile, gari italala nyuma pande zote mbili na kugonga hadi kwenye vizuizi vya mpira, hasa ukiwa na abiria. Je, tangu ubadilishe imelala? Kama ndivyo, fundi wako ana haki yake, ila mlio wa upande mmoja tu, tena gari tupu, mimi bado ningeanzia pale kwenye boliti ndefu.