Madogo wa PCM, ukikuza tufe fluksi haipungui

Jana jioni nimekaa na madogo wawili wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) hapa Kirumba, Mwanza, wananionyesha pepa lao la moku, nakuta kosa lilelile la kanuni ya Gauss nililofanya mimi enzi hizo, mpaka ile mistari ya kujiamini chini ya jibu. Nikacheka, halafu nikakasirika. Ngoja niandike mara moja, nimechoka kurudia kama konda anayeita abiria wa Igoma.

1. Kanuni ya Gauss inakupa fluksi, yaani jumla ya uga wa umeme unaopenya uso uliofungwa. Chaji ya kuhesabu ni iliyo ndani tu, jumlisha na alama zake (chanya au hasi), gawa kwa epsiloni noti (ε₀, namba isiyobadilika), basi.

2. Hii ndo ilinitoa jasho. Swali lilikuwa jepesi mpaka aibu: chaji ya 2 µC ipo katikati ya tufe la nusukipenyo 10 cm, tafuta fluksi, halafu nusukipenyo kikiwa 20 cm itakuwaje? Mimi nilichojua ni kwamba umbali ukiwa mara mbili uga unabaki robo, na ni kweli kabisa, kwa hiyo nikaandika fluksi nayo robo, nikapigia mistari miwili kwa rula. Ningekosa peke yangu ingekuwa afadhali. Tatizo usiku wa kuamkia pepa ni mimi niliyesimama ubaoni kwenye diskasheni, chaki mkononi, nawalisha wenzangu kumi hiyohiyo robo, binti mmoja akauliza "sasa eneo je, si linaongezeka?" nikamjibu tusipoteze muda, mada bado nyingi. Tukakosa watu kumi, jibu moja, mpaka desimali. Mwalimu akajua tumeibiana, tukaitwa ofisini tukapangwa mstari, na wote wananiangalia mimi. Yule binti hakuwepo kwenye mstari. Aliandika 2.26 × 10⁵ Nm²/C sehemu zote mbili, na hakunisemesha mpaka tunafunga shule.

Eneo la tufe ni 4πr² jamani. Nusukipenyo mara mbili, eneo mara nne, uga robo, ukizidisha uga kwa eneo vinafutana. Nilikuwa naijua hiyo fomula tangu zamani, sema kichwani iliingia likizo, Igombe, kwenye mtumbwi wa mjomba, usiku wa giza tunavua dagaa. Taa inaelea, wavu umeizunguka, nikawaza huu wavu ungefungwa kote juu mpaka chini kama gunia, mwanga wote ungepita kwenye matundu. Ukiwa mkubwa kila tundu linapata mwanga kidogo ila matundu ni mengi, taa ni ileile. Nimeduwaa hapo, mjomba akanishtua: "We mjomba, vuta kamba, hesabu utafanya nchi kavu!"

3. Fluksi sifuri sio lazima uga uwe sifuri. Taa ya mtumbwi wa jirani ipo nje ya wavu wetu, mwanga wake unaingia upande huu unatokea ule, jumla sifuri, lakini mle ndani unaona mpaka macho ya dagaa. Kila mwaka lazima mtu aandike E = 0 (E ndo uga) hapa, mnaniua.

4. Fluksi ya jumla inapatikana kwa uso wowote uliofungwa, hata wenye umbo la kiazi, ila ukitaka E kwa njia hii tafuta ulinganifu kwanza (umbo kama tufe, uga ukiwa sawa kote usoni). Na msijione wajinga, Gauss mwenyewe aliiandika 1835 ikaja kuchapishwa 1867 ameshazikwa, we unataka uimalize ndani ya daladala kutoka Nyegezi mpaka Buzuruga.

5. Mchemraba. Chaji Q ikiwa katikati, kila uso fluksi yake Q/6ε₀. Ikiwa kwenye kona inahitaji michemraba 8 kuizunguka yote, kwa hiyo wako unapata Q/8ε₀, nyuso tatu zinazogusa kona hazipati kitu maana mistari ya uga inateleza juu yake tu, haizipenyi, tatu za mbali zinagawana, Q/24ε₀ kila moja. Dogo wa jana kaandika Q/48ε₀, kagawia sita zote kama pilau ya msibani. Nimemwambia achore. Kasema atachora kesho, leo kuna mechi.