Ndege ya kujijengea: seti au ramani?

Ndugu wahariri, naishi Kansas City, Missouri. Nataka kujenga ndege ya alumini ya viti viwili katika gereji yangu. Naweza kutenga dola 600 kwa mwezi, jioni mbili za wiki na Jumamosi. Sijawahi kukunja bati. Rafiki ananishauri ninunue ramani tupu, yaani michoro ya ndege nitengeneze kila kipande mwenyewe, kwa sababu ni nafuu; mwingine anasema bila seti, yaani vipande vilivyotengenezwa kiwandani, sitamaliza. Nimsikilize nani?

Ndugu msomaji, anza na saa kabla ya dola. Jioni mbili za saa mbilimbili na Jumamosi ya saa tano ni saa tisa kwa wiki, kama 450 kwa mwaka. Tuseme seti uliyoichagua inataka saa 700: hapo ni mwaka mmoja na nusu, ukiwa huna mgonjwa nyumbani wala safari. Ndege ileile kwa ramani huchukua mara mbili au zaidi, kwa kuwa kila kipande unakichora kwenye bati, unakikata, unakikunja na kukitoboa mwenyewe. Kuunganisha, ambako wengi hudhani ndiko kujenga, huja baadaye kabisa.

Kuhusu fedha, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Ramani huuzwa kwa mamia machache ya dola, na bati unanunua kidogo kidogo kila mshahara ukiingia. Lakini injini, pangaboi, magurudumu, redio na vipimo vya dashibodi bei yake ni ileile kwa njia zote mbili. Injini mpya ya Rotax 912 ULS peke yake inapita dola 20,000. Unachookoa kwa ramani ni gharama ya kiwiliwili na mabawa tu, na hata hapo ondoa bei ya vifaa, bati litakaloharibika, na nauli ya kusafirisha karatasi za mita 1.22 kwa 3.66 zisizotakiwa kukunjwa njiani. Seti nazo nyingi huuzwa kwa mafungu: mkia kwanza, kisha mabawa, kisha kiwiliwili. Kwa dola 600 zako, mpango huo unawezekana.

Sasa uone kazi yenyewe ya ramani ilivyo. Chukua ubavu mmoja wa bawa. Unatengeneza kalibu mbili za mbao ngumu za umbo la ubavu, unazungushia kingo kwa nusu kipenyo cha milimita 3 hivi, na ubavuni unazichonga kwa pembe ya digrii 3 hadi 5 kupita wima, maana alumini ikishakunjwa hurudi kidogo. Bati linabanwa katikati ya kalibu kwa pini mbili ili lisiteleze, kisha kwenye jiliwa unaligonga kwa nyundo ya plastiki, ukipita urefu wote mara nyingi kidogo kidogo. Ukigonga mahali pamoja tu, bati linatanuka na ubavu unapinda kama ndizi. Puani, penye mviringo, ukingo hufanya makunyanzi. Hayo huondolewa kwa koleo la kufinya mifereji, na kila mfereji ukae katikati ya nafasi za ribiti (misumari ya kushikanisha bati), usiangukie pale ribiti itakapopita. Usichore mstari wa kukunja kwa penseli wala msumari. Mkwaruzo wa msumari ndipo ufa unapoanzia, na risasi ya penseli inakula alumini. Tumia kalamu ya wino. Ukimaliza, angalia mkunjo kwa kioo cha kukuza mara kumi: ukiona vinyufa kama nywele, mkunjo ulikuwa mkali mno, ubavu huo ni chakavu. Halafu ufanye mwingine, na mwingine, hadi mabawa yote mawili yatimie.

Kama maelezo hayo yamekuwasha mikono, ramani ni yako. Kama umeyasoma ukitaka yaishe, nunua seti.

Seti za kisasa huja na matundu yaliyotobolewa kwa mashine, hivyo kipande kinajipanga chenyewe juu ya kingine, na bawa kupotoka inakuwa vigumu. Makosa hayaishi, yanabadilika. La kawaida ni kuharakisha drili: ikiinama, tundu linakuwa umbo la nane na ribiti haijazi. Suluhisho ni ribiti ya saizi inayofuata, ila tu kama umbali toka kitovu cha tundu hadi ukingoni bado ni mara mbili ya kipenyo cha ribiti hiyo mpya. Ribiti ya milimita 3.2 inataka milimita 6.4. Umbali ukipungua, agiza kipande kipya. Na makasha yakifika, hesabu kila kitu dhidi ya orodha siku hizohizo. Muda wa kudai kilichopungua huwa mfupi.

Kisheria zote mbili zinakubalika. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inataka sehemu kubwa ya ndege iwe imetengenezwa na kuunganishwa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha. Watu huiita kanuni ya asilimia 51. Injini, pangaboi, magurudumu na vifaa vya dashibodi havihesabiwi. Kwa ramani, ukifanya kazi mwenyewe, huwezi kukosa asilimia hiyo. Kwa seti, hakikisha imo kwenye orodha ya zilizokaguliwa na FAA, na ujue kwamba kazi ya fundi uliyemlipa haihesabiwi kuwa yako. Piga picha nawe ukionekana ukifanya kazi, andika tarehe na saa, tunza risiti.

Kwa hali yako tunasema: seti, kwa mafungu. Lakini kabla ya kulipa, jenga usukani wa mkia. Zenith, kampuni iliyoko mji wa Mexico jimboni kwako hukohuko, huuza ndege zake kwa ramani na kwa seti, na huendesha warsha za siku mbili ambapo kila mtu huondoka na usukani aliouunganisha mwenyewe. Siku hizo mbili zitakujibu kuliko sisi.

Msomaji mwingine anauliza: Duka la vifaa vya ujenzi lina bati la alumini kwa nusu bei. Ramani yangu inasema alumini ya aina ya 6061-T6. Kuna tofauti gani?

Usilitumie. Bati la madukani mara nyingi ni aina ya 3003, laini kwa makusudi ili likunjike. 3003-H14 huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 145 hivi. 6061-T6 hufika 276. Kwa macho zinafanana. Nunua bati lenye chapa ya kiwanda na cheti chake. Boliti vivyo hivyo: tumia za AN, yaani za kiwango cha ndege, peke yake. Na usiongeze unene "ili liwe salama", kwani kilo zinazozidi mkiani huvuta uzani nyuma, na ndege yenye uzani wa nyuma ni ngumu kuiokoa mabawa yakipoteza nguvu ya kuibeba hewani.

Na msomaji wa Texas anauliza: Nikijenga ndege hapa Texas, naweza kuipeleka Arusha?

Usidhani ni haki yako. Cheti cha majaribio cha Marekani hakifikii kiwango cha kimataifa cha ubora wa ndege, kwa hiyo kila nchi utakayoruka juu yake, na ile utakayoishi, lazima ikupe ruhusa yake. Waandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hujanunua hata ribiti, ukitaja ndege, injini, na kwamba utaijenga mwenyewe. Jibu likiwa ndiyo, fikiria mafuta: Rotax 912 ULS hunywa petroli ya magari isiyo na risasi ya oktani 95, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo mafuta ya ndege za pistoni hayapatikani kila uwanja. Ila injini hiyo haina cheti, kwa hiyo saa zako za kuruka kwa majaribio kwa kawaida zitakuwa 40 badala ya 25. Zimalize Texas, karibu na gereji yenye vifaa vyako, ndipo uifungue mabawa na kuipakia kwenye kontena.