Maswali na Majibu: Tempera Inaanzia Kwenye Ubao

Swali: Nimenunua chupa iliyoandikwa "tempera". Yai naongeza lini?

Jibu: Huongezi. Hiyo ni rangi ya watoto wa shule, na gundi yake ni nyingine kabisa. Swali hili linaletwa kila mara. Someni chupa kabla ya kutoa pesa. Tempera ya hapa ni kiini cha yai, maji na rangi ya unga.

Swali: Picha yangu ya kwenye turubai imepasuka. Yai lilikuwa bovu?

Jibu: Usilisingizie yai. Tempera ikishakauka huwa ngumu, na turubai hunepa. Tafuta ubao mkavu, upake matabaka kadhaa ya jasi au chaki iliyochanganywa na gundi moto ya ngozi, kisha piga msasa mpaka uteleze. Usiniambie umepaka rangi nyeupe ya akriliki: haifyonzi vya kutosha, tempera itabanduka. Mchoraji Duccio alifuata njia hiyo ya ubao kule Siena, Italia, 1308 hadi 1311, na picha yake Maestà ingali inang'aa. Wachoraji wa picha takatifu wa Ethiopia nao walipaka jasi ubao kwanza. Lakini Leonardo da Vinci, pale Milan, alitia tempera na mafuta juu ya ukuta mkavu. Karamu ya Mwisho aliimaliza mnamo 1498, nayo ikaanza kuharibika yeye akiwa hai. Najua mtanitajia mchoraji Botticelli na picha yake ya Venus ya kwenye turubai. Botticelli alikuwa fundi aliyekomaa. Anayeanza aanze na ubao.

Swali: Umanjano wa kiini hauharibu buluu?

Jibu: Hapana, mwanga huufifisha.

Swali: Inakauka kabla sijachanganya rangi mbili. Nifanyeje?

Jibu: Acha kuchanganya juu ya picha. Tempera hujengwa kwa mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine, kwa brashi iliyokamuliwa. Asiye na subira hiyo atumie rangi ya mafuta.

Swali: Nimepata unga mwekundu wa zamani, vemilioni. Nausaga bila maji, ni sawa?

Jibu: Si sawa hata kidogo! Vemilioni ina zebaki. Uloweshe kwanza, vaa barakoa na glavu, usile mezani hapo, na vyombo vyake visirudi jikoni. Rangi nyeupe ya madini ya risasi nayo ni sumu. Mwenye watoto nyumbani asiingize kabisa unga wa aina hizo. Nyekundu ya udongo inatosha.