TP 28%, INR 2.6: mama amebakia na damu kiasi gani?

Swali. Jambo muganga. Mama yangu iko na miaka 61, muguu ya kushoto ilivimba, bakasema ni flebiti, ni kusema damu imeganda ndani ya mushipa, bakamuandikia Sintrom, dawa ya kuzuia damu kuganda. Juzi tulienda kupimisha damu, karatasi ya labo imeandikwa TP 28%, na chini yake INR 2.6. Baba mukubwa anasema 28% ni damu imeisha, tutafute mutu wa kumupatia damu haraka, lakini infirmieri anasema resilta ni muzuri kabisa. Tena bamemukataza sombe na lengalenga, anakula bugali na sambaza tu, ananung'unika kila siku. Tusikie nani?
*Dada wa Kadutu, Bukavu*

Jibu. Dada, mambo ya kutafuta damu muiache. Mumuambie baba mukubwa kwa heshima kama infirmieri njo iko na haki. Hiyo 28% haipimi wingi wa damu, wingi inaangaliwa kwa emoglobini, na hiyo ni ekzameni ingine. TP inapima mbio ya kuganda: ku labo banachukua plazma, ile maji ya manjano inabakia wakishatenga chembe za damu, banatia dawa ya kuamsha kuganda, kisha banahesabu sekonde mpaka igande. Kwa mutu asiyekunywa dawa yoyote inachukua sekonde 11 mpaka 14 hivi. Sisi benye tunafuata mutindo wa Kifaransa tunageuza zile sekonde kuwa asilimia, na kuanzia 70 kupanda ni ya kawaida. Ya mama imeshuka juu Sintrom imeishusha, na njo kazi munainunulia ile dawa.

Sasa INR ni ekzameni ile ile, tube ile ile, sekonde zile zile, ni hesabu tu imebadilika. Shida ya zamani ilikuwa kila labo iko na dawa yake ya kuamsha, inaitwa tromboplastini, zingine kali zingine pole, kama vile maharagi ya soko ya Kadutu, kila mama na kopo yake, ukisema umeuza kopo tano hakuna mwenye anajua ni kilo ngapi. Mutu anapima leo hapa, kesho ku labo ingine, anapewa hesabu mbili tofauti na damu yake haijabadilika. Mwaka 1983 OMS, shirika la afya la dunia, ikakubali hesabu moja ya dunia yote: unagawanya sekonde za mugonjwa kwa sekonde za batu bazima, kisha unasahihisha kufuatana na ukali wa ile tromboplastini. Ndiyo maana INR 2.6 ya Bukavu unaweza ipeleka Kigali ao Bruxelles, muganga wa kule ataisoma vile vile, lakini TP 28% peke yake itamusumbua.

Bila dawa INR inakuwa karibu na 1. Kwa flebiti tunatafuta kati ya 2 na 3, kwa hiyo mama iko pahali penyewe. (Batu benye baliwekewa valvi ya chuma ku moyo mara nyingi banapandishwa zaidi, kati ya 2.5 na 3.5, kwa hiyo usilinganishe karatasi ya mama na ya jirani.) Ikishuka chini ya 2, damu inaweza kuganda tena ku muguu, na kipande kikitoka pale kinapanda mpaka ku mapafu, hiyo inaua. Ikipita 3 hatari ya kutokwa damu inaanza kuongezeka, na ikifika 5 usingoje siku ya randevu, piga simu ao uende siku ile ile.

Penye familia nyingi banapotea ni hapa: TP na INR zinaenda kinyume. TP ikitoka 28 ikapanda 50, nyumba yote inafurahi "damu imerudi", kumbe INR imeshuka na dawa haimukingi tena. Musome INR tu, asilimia muiachie sisi.

Kuhusu sombe, nitasema kweli, hiyo makatazo siipendi. Maini inatumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, Sintrom inazuia hiyo kazi, na majani mabichi kama sombe, lengalenga, matembele iko na vitamini K mingi. Lakini ukimunyima kabisa, siku ya ndoa akila sahani moja, INR inaanguka. Bora akule kiasi kile kile kila juma, na muganga apange dawa kufuatana na ile. Asirudilie yote kwa mara moja, mumuambie muganga kwanza, apime tena INR kisha siku chache.

Mimi ninaogopa zaidi farmasi ya pembeni ya barabara kuliko sombe. Bactrim na Flagyl, zile dawa za kuua mikrobi, zinapandisha INR sana, aspirini na ibuprofene zinaongeza kutokwa damu, na shindano ya matako inaweza kumuachia damu ndani ya nyama. Kila mahali aanze kusema "niko kwa Sintrom". Akisahau dawa ya jana, leo asikunywe mbili. Choo nyeusi, mukojo mwekundu, ao akianguka akagonga kichwa: hospitali, hata usiku.

Swali. Mimi banipa warfarine, dawa ya kuzuia damu kuganda kama Sintrom. Kijana wangu anasema ni sumu ya panya, ni kweli ao ni kunitisha?
*Baba wa Bagira*

Jibu. Ni kweli, mzee wangu, na usiache kukunywa. Miaka ya 1920 kule Marekani na Kanada ngombe zilikuwa zinakufa kwa kutokwa damu juu ya kula majani makavu yenye yalioza. Karl Paul Link na kundi yake, Wisconsin, bakapata kitu chenye kilikuwa ndani, na kutoka pale bakatengeneza warfarine. 1948 ikauzishwa kuua panya, 1954 ikakubaliwa kwa batu, na mwaka uliofuata Eisenhower, prezida wa Marekani, akapewa kisha moyo kumusumbua. Panya inakula nyingi siku kwa siku bila mutu kuipima INR, wewe unapimwa, na ikizidi vitamini K inairudisha. Ila ya panya yenyewe ya soko, zingine ziko na nguvu kupita yako na zinakaa ndani ya mwili majuma mingi, zingine ni sumu ya aina ingine kabisa, kwa hiyo mutoto akiimeza mumupeleke hospitali pamoja na pakiti yake.