Mwanangu karudi likizo, haongei kabisa

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu yuko form one bweni, mwaka huu ndo kaanza. Alikuwa mtoto wa stori mpaka unamwambia mwanangu hebu pumzika, sasa karudi likizo hii ya Juni kimya, usiku halali, asubuhi haamki, chakula anadonoa, mpira hataki hata kuusikia. Nafungua tranka lake nakuta shuka hamna, sweta hamna, sabuni hamna. Mdogo wake ndo kanitonya kwamba form three wanawaita wageni wa form one njuka, wanawafulisha nguo usiku, ukikataa kichapo. Baba yake anasema aache kudeka, hata yeye alipitia hayo. Kweli yatapita? Mama, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hapana, usisubiri yapite. Hali hiyo ikishafika wiki mbili na ni karibu kila siku, usingizi umevurugika, hamu ya vitu alivyovipenda imekata, hiyo inaweza kuwa sonona kabisa na siyo kudeka wala ujeuri wa kubalehe. Fikiria mtoto anaonewa darasani, halafu jioni hana nyumba ya kukimbilia kwa sababu anayemuonea analala bweni hilohilo, mwisho anaanza kuamini kwamba tatizo ni yeye.

Na baba yake mwambie kwa upole, Marekani kule North Carolina watafiti walifuatilia watoto 1,420 mpaka wakawa watu wazima, majibu yakatoka 2013, waliokuwa wanaonewa walibaki na hatari kubwa ya wasiwasi ukubwani, na walioumia zaidi, mpaka sonona, ni wale walioonewa halafu nao wakaonea wenzao. Ndo njuka wetu hao, mwakani anapata wadogo zake wa kuwafulisha.

Sasa usimhoji kama polisi. Kaa naye mkiwa mnafanya kitu, hata kuchambua mchele, mwambie nimeona tranka, sikulaumu. Muulize wazi kama amewahi kutamani kufa, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo, na akisema ndiyo usimwache peke yake, siku hiyohiyo mpeleke hospitali. Hata akisema hapana, mpeleke kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure, wewe piga na yeye anaweza kupiga.

Shuleni nenda mwenyewe kabla hajarudi, onana na mkuu wa shule pamoja na patron, barua mkononi, ubaki na kopi. Wakikuletea habari za "ni utani wa wanafunzi", nenda kwa afisa elimu na ustawi wa jamii, na omba uhamisho hata wa shule ya kutwa ya jirani.