Gizani Usizitazame Pini

Taa kubwa zikishazimwa na zile za zambarau zikawaka, jicho lako litakimbilia mwisho wa njia, kule pini kumi ziliposimama nyeupe pepepe. Zitakuita. Usiitike. Nimefanya kazi miaka minne katika ukumbi mmoja wa bolingi, mchezo wa kuvingirisha tufe zito ili kuangusha pini, huku Arlington, Texas, nikaanzia kaunta ya kukodisha viatu nikaishia nyuma kwenye mitambo, na kila Jumamosi usiku nililiona kosa hilohilo likirudiwa na watu wa kila umri: wanatazama kinachong'aa, wanakosa kinachofaa.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza, hasa wenzangu mliofika Marekani juzijuzi, mkaambiwa na watu wa kazini "Jumamosi twende tukacheze", mkakubali kwa haya ya kukataa. Ndivyo nilivyoanza mimi. Kwetu Tanga nilijua kandanda, bao na karata. Bolingi niliiona kwenye televisheni tu. Usiku wangu wa kwanza nilikwenda na shati jeupe lililonyooshwa pasi vizuri, na nilipoingia ndani nikawaka kama karabai. Watu wanacheka, mimi sijui wanacheka nini.

Kisa chake ni sabuni. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali inayomeza miale ya urujuanimno inayotoka kwenye taa hizo za zambarau, ambayo macho yetu hayaioni, na kuitoa tena kama mwanga wa buluu tunaouona. Pini na baadhi ya matufe vina tabia hiyohiyo. Hata maji ya toniki mezani huwaka buluu, kwa kuwa yana kwinini, ile dawa chungu ya malaria waliyoijua bibi zetu. Mwingereza John Herschel aliieleza hali hiyo ya kwinini tangu mwaka 1845. Kwa mchezaji, maana yake ni kwamba mkono wa shati jeupe unapopita kando ya jicho lako huku unabembeza tufe, unalivuta jicho hilo litoke pale ulipoliweka. Vaa shati la rangi nzito. Kama umekuja kupigwa picha, basi vaa jeupe, wala hakuna atakayekulaumu.

Sasa nirudi kwenye pini. Kutoka mstari wa kosa, yaani ule mstari usioruhusiwa kuuvuka, hadi pini ya mbele ni futi 60, kama mita 18.3. Upana wa njia ni mbao 39 zilizolazwa kwa urefu (siku hizi kumbi nyingi zina plastiki ngumu iliyochorwa mbao, lakini hesabu ni ileile), na kila ubao una sentimita 2.7 hivi. Kati ya futi 12 na 16 kutoka mstari wa kosa ipo mishale saba imechorwa, mmoja kila baada ya mbao tano. Mishale hiyo ndiyo shabaha yako, na mchezaji mzuri huitazama hata mchana taa zote zikiwa zimewaka. Balaa la usiku wa taa za zambarau ni kwamba mwanga huo unamulika pini, ambazo huna haja ya kuzilenga, na unaificha mishale, ambayo bila hiyo huwezi kulenga.

Fanya hesabu kidogo uone. Tufe linalokwenda moja kwa moja, likikosea mshale kwa ubao mmoja tu, likifika kwenye pini limeshakosea kwa mbao nne, kama sentimita 11. Karibu upana wa pini yenyewe. Ukitazama pini, kosa unaliona kule mwisho limeshakua, na hujui lilizaliwa wapi. Ukitazama mshale, unalijua papo hapo. Tufe likiukosa mshale, mkono ndio uliokosea. Usibadilishe kitu, rudia. Likipita juu ya mshale sawasawa halafu likakosa pini, basi mkono hauna kosa, hamisha miguu. Likienda kulia mno, sogea kulia na uendelee kulenga mshale uleule. Likienda kushoto, sogea kushoto. Ubao mmoja wa kusogea miguu unakupa kama mbao tatu kwenye pini. Wageni wengi huona jambo hili limekaa kinyume, na mimi nilibishana nalo wiki mbili nzima kabla sijakubali.

"Sasa mshale wenyewe siuoni, nifanyeje?" Hilo nimeulizwa mara nyingi pale kaunta. Jibu langu la kwanza: fika kabla ya giza. Kumbi nyingi huzima taa saa maalumu ya usiku. Kwetu ilikuwa saa tatu. Njoo saa mbili na nusu, ucheze mchezo mmoja kwenye mwanga, na usihangaike na alama unazopata. Kazi yako hapo ni moja: kujua mguu wako unaanzia nukta ipi. Kwenye sakafu ya kuanzia kuna safu za nukta, futi 12 na futi 15 nyuma ya mstari wa kosa. Nukta hizo ziko chini ya pua yako, hata gizani ukiinama utaziona. Ukishajua kwamba unasimama na kiatu cha kushoto kwenye nukta fulani na tufe linapita mshale wa pili kutoka kulia, umeshabeba ramani kichwani. Taa zikizimwa, nusu ya ramani hiyo iko miguuni pako.

Jibu la pili nililipata kwa babu yangu, ambaye hakuwahi kuliona tufe la bolingi maisha yake yote. Alikuwa mvuvi wa dagaa wa usiku. Nilipopanda naye chomboni nikiwa mdogo alikuwa akinikataza kuitazama karabai. Mwenye kuitazama, alisema, haoni bahari. Na kitu hafifu gizani alinifundisha nisikikodolee, nitazame kando yake kidogo. Baadaye nilisoma nikakuta kwamba katikati ya jicho pana chembe zinazopenda mwanga mwingi, na zile zinazoona gizani ziko pembeni. Basi simama, teremsha macho yaondoke kwenye pini, yatue mahali unapojua mshale ulipo, kisha yapeleke kando kidogo. Subiri. Mshale utajitokeza kama kivuli. Chembe hizo za giza huchukua hadi nusu saa kuzoea kikamilifu, na simu yako inazirudisha nyuma. Kila ukimaliza zamu ukakaa kufungua picha na ujumbe, unainuka nusu kipofu. Ile skrini kubwa inayopiga video za muziki juu ya pini nayo ni karabai nyingine.

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu sijamsikia mtu akiueleza vizuri. Njia imepakwa mafuta, kwa kawaida hadi kama futi 40 za mwanzo, kwa hiyo inang'aa kama kioo. Gizani utaona taswira za pini zimelala juu ya mafuta, mistari myeupe inayokuja kuelekea kwako. Inavutia kulenga juu ya mstari huo. Lakini mstari huo unatoka kwenye pini unakuja kwenye jicho lako, na ukisogea nao unasogea. Tufe halitoki jichoni. Linatoka mkononi, upande wa bega. Nimewaona watu wenye mikono mizuri kabisa wakilisukuma tufe kwa usahihi kando ya taswira hiyo na kushangaa kwa nini linakwenda pembeni kila mara. Mchoro wa mshale haukufuati unapotembea.

Wanaovaa miwani ya kuona mbali, vaeni. Wapo wanaoiacha mfukoni kwa urembo. Mwanga wa zambarau na buluu jicho hupata shida kuukusanya, ndiyo maana kila kitu kina ukungu pembezoni, na bila miwani ukungu huo unakuwa maradufu.

Kasi nayo huharibika. Muziki wa ukumbini unaingia miguuni bila kuomba ruhusa. Wimbo ukiwa wa haraka watu wote wanakimbia, wanafika kwenye mstari kabla mkono haujarudi mbele, na tufe linatupwa badala ya kuachiliwa. Mzee mmoja wa mitambo (tulimwita Mzee sisi Waafrika wawili, akalipenda jina) alinishauri nihesabu hatua nne kwa sauti. Nikahesabu kwa Kiingereza, nikajikuta bado nakimbia. Siku moja kwa kujisahau nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na mwili ukatulia. Kila namba kwetu ina silabi mbili, hata hiyo nne ukiitamka sawasawa, kwa hiyo hatua inapata muda wa kutua. Yule mzee hakuamini mpaka nilipomfundisha. Alikuwa akihesabu "tatuu, nneee" kwa lafudhi ya Texas, na straiki (kuangusha pini zote kumi kwa tufe moja) zilimjia kama kawaida yake, kwa hiyo siwezi kudai nilimsaidia.

Katika kuondoa pini zilizobaki baada ya tufe la kwanza, giza lina hila yake. Pini zimepangwa kwa pembetatu, na zipo zinazosimama nyuma kabisa ya nyingine: ya 8 nyuma ya ya 2, ya 9 nyuma ya ya 3, ya 5 nyuma ya ya 1. Kwenye mwanga utaiona ya nyuma ikichungulia. Chini ya taa za zambarau weupe wa zote mbili unaungana, na utaapa kwamba imebaki moja. Utaigusa ubavuni kwa madaha na ile ya nyuma itabaki imekutazama. Kabla hujashika tufe tazama skrini ya alama. Kumbi nyingi huonyesha hapo ni pini zipi zimesimama. Zikiwa mbili, ipige ya mbele katikati ya uso.

Kuhusu tufe lenyewe, lichague taa zikiwa zimewaka. Namba iliyoandikwa juu yake ni uzito kwa ratili, na zito kabisa linaloruhusiwa ni ratili 16, kilo 7 na robo. Tia vidole, vizungushe, hakikisha havikwami. Gizani watu huchukua tufe kwa rangi yake inayong'aa, na rangi haikuambii tundu la kidole gumba lina upana gani. Na kwenye meza ya kurudishia, lishike kwa kuweka viganja pande mbili, kulia na kushoto, kamwe usitie mkono upande linakotokea tufe jingine. Mchana unaliona likija. Usiku unalisikia vidole vikishabanwa. Barafu niliyoitoa pale kaunta kwa vidole ilikuwa nyingi kuliko ya vinywaji (natia chumvi kidogo, lakini kidogo tu).

Na miguu. Viatu vya bolingi vina soli ya kuteleza, kwa hiyo soda iliyomwagika kwenye sakafu ya kuanzia ni hatari kuliko maganda ya ndizi: mguu unaotakiwa uteleze unaganda, mwili unaendelea na safari. Kila unaporudi kutoka chooni au kaunta ya chakula, pitisha kiganja chini ya soli. Vinywaji vibaki nyuma, mezani. Na ukivuka mstari wa kosa kwa bahati mbaya, umekanyaga mafuta. Huko utakwenda chini kabla hujajua, na ukiinuka umeyabeba kwenye soli hadi zamu yako ijayo. Tufe likikwama njiani usilifuate hata kama unaliona. Ita mfanyakazi. Nyuma ya pini kuna mtambo usiojua kutofautisha pini na mkono wa mtu.

Hapa Arlington ndipo yalipo makao makuu ya chama cha bolingi cha Marekani, na jengo la makumbusho ya mchezo huu liko hapohapo. Ukipita siku za kazi kwenye kumbi za jirani utawaona wachezaji wa ligi wakicheza kwenye mwanga mweupe, kimya. Baadhi yao huudharau usiku wa taa za zambarau, wanasema ni disko lenye matufe. Siwapingi sana; mtindo huu ulivumishwa miaka ya 1990, kampuni ya Brunswick ikauuza kwa jina la Cosmic Bowling, na shabaha ilikuwa kujaza kumbi Ijumaa na Jumamosi. Lakini mimi mkono wangu uliumbika gizani. Nilipoanza nilikuwa nikipata 90 kwenye mwanga na 70 gizani. Mwaka wa tatu, pengo lilikuwa limebaki alama nne au tano, na pale kwenye mwanga nilikuwa nafika 150, kwa sababu giza lilininyima pini nikalazimika kuujua mshale.

Saa sita usiku taa nyeupe huwashwa zote kwa mpigo. Utasikia ukumbi mzima ukiguna, watu wamejifunika macho. Zamu yako ikiangukia hapo, weka tufe chini, mwombe mwenzako atangulie.