Taa za Tanga, barabara ya Kigali

Mara ya kwanza kuvuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda na Rav4 yangu, giza lilikuwa limeshaingia. Kila gari lililokuja mbele likaniwashia ful, yaani taa ndefu. Sisi wa Tanga ukiwashiwa ful unajua moja tu: kuna trafiki mbele. Nikashusha mwendo, nikaangalia mkanda, nikamngoja trafiki. Kilima cha kwanza hayupo, cha pili hayupo. Nilipoingia sheli, dereva wa lori, Mbongo mwenzangu, akanifuata: "Kaka, unatupofua."

Na nilikuwa nimewasha taa fupi!

Kumbe taa fupi haimwagi mwanga sawasawa. Kwetu tunaoendesha kushoto, katika kila taa mwanga wa upande wa kushoto hupanda kidogo umulike pembezoni, kwenye baiskeli na waenda kwa miguu. Wa kulia hubaki chini usimpige machoni anayekuja. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo ule uliopanda unamkuta mwenzio usoni. Wa Mombasa kupitia Horohoro asihangaike, Kenya ni kushoto kama sisi.

Siku hizi, usiku kabla ya safari, naegesha mbele ya ukuta, hatua kama kumi, nawasha taa fupi. Mstari wa mwanga unaonekana wazi: umelala, halafu unakunja kupanda kushoto. Mwanangu anapitisha kiganja polepole juu ya kioo cha taa, mimi macho ukutani. Pale kiganja kinapoufuta ule mkunjo, ndipo nabandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme. Safari moja nilikisia tu, nikaziba karibu nusu ya taa. Sitaki hata kuikumbuka.

Taa zenye lenzi ya duara ndani hazifai kwa tepu, mwanga wote unafifia. Hizo zishushe kwa kile kitufe cha kuzungusha chenye namba 0 hadi 3, kama gari lako linacho, na upunguze mwendo. Ukirudi bandua, na gundi usiifute kwa petroli, plastiki itaingia ukungu.

Tatizo hili hata hapa mjini lipo. Fundi wangu wa Ngamiani alinionyesha gari lililofungwa taa moja ya mtumba iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, la nchi za kuendesha kulia. Ukutani, mstari mmoja ulipanda kushoto, mwingine kulia. Mwenye gari alikuja akilalamika kwamba madereva wa njia ya Segera hawana adabu, kila usiku wanamwashia ful.